Rula, jedwali, aljebra au simu: njia ipi ikuonyeshe kama grafu ni ya fanksheni?

Swali hili humjia mwanafunzi kwa sura tofauti tofauti. Mara amechorewa mikunjo minne, aonyeshe ni upi unaowakilisha fanksheni. Mara amepewa orodha ya jozi za nambari bila mchoro wowote. Akifika mwaka wa kwanza chuoni, pale Chiromo au kampasi nyingine jijini Nairobi, mhadhiri anaandika mlinganyo ubaoni na kuuliza kama y ni fanksheni ya x, basi. Na yupo mzazi wa Umoja aliyeletewa daftari saa tatu usiku, baada ya kukwama Jogoo Road jioni nzima, naye hesabu waliagana zamani.

Njia za kujibu ni nne. Wanafunzi wengi hufundishwa moja, ile ya kupitisha rula, kisha huing'ang'ania hata pale isipofaa. Hapa nimeziweka zote bega kwa bega. Sina nia ya kuitawaza yoyote kati yao, kwa sababu zote zinauliza jambo lile lile. Kinachobadilika ni kile ulicho nacho mkononi unapoulizwa.

Tunachokitafuta

Grafu ni ya fanksheni ikiwa kila x iliyomo ina y moja, na moja tu. Sharti ndilo hilo, lakini watu huligeuza kichwa chini miguu juu, kwa hiyo tulitazame kidogo.

x mbili zikishiriki y moja, hakuna kosa. Katika y = x², ukiweka 3 unapata 9, ukiweka −3 unapata 9 vilevile, na hiyo ni fanksheni safi kabisa. Kinachoharibu ni x moja kuwa na y mbili. Katika x = y², ukiweka x = 9, y inaweza kuwa 3 au −3, na mlinganyo haukwambii uchukue ipi.

x isiyo na y yoyote nayo haivunji kitu. y = 1/x haina jibu pale x ikiwa 0, na bado ni fanksheni; 0 haimo tu kwenye orodha ya nambari zinazoruhusiwa kuingia. Kwenye grafu, nukta zote zenye x moja hukaa kwenye mstari wima mmoja. Ndiyo maana tunasema mstari wima uguse mchoro mara moja *au usiuguse kabisa*.

Vigezo vya kulinganisha

Kila njia nitaipima kwa mambo matano: unaanza na nini, inachukua muda gani, jibu lake lina uhakika kiasi gani, inapotosha wapi, na inamfaa nani.

Kuhusu uhakika kuna jambo la kuweka wazi mapema, maana ndilo linalowaponza wengi. Kukana ni rahisi, kuthibitisha ni kazi. Ukipata x moja yenye y mbili, umemaliza: si fanksheni, na hakuna wa kukubishia. Lakini kusema "ndiyo, ni fanksheni" ni kuzisemea x zote, hata zile ambazo hukuziangalia. Njia inayoweza kukana kwa uhakika kamili inaweza isiweze kabisa kuthibitisha.

1. Rula wima

*Unaanza na nini.* Mchoro uliokwisha kuchorwa, na rula. Ya plastiki inayoonyesha kilicho chini yake ndiyo bora. Ukikosa, ukingo wa karatasi unatosha.

*Muda.* Sekunde chache. Laza rula iwe sambamba na mhimili wa y, iteleze polepole kutoka kushoto hadi kulia, huku macho yakihesabu ni mara ngapi ukingo unakutana na mkunjo. Ikikutana nao mara mbili popote, hata iwe mahali pamoja tu, grafu si ya fanksheni. Duara linaanguka hapo hapo. Parabola inayotazama juu, yaani mkunjo wa umbo la bakuli kama y = x², inapita. Parabola iliyolala ubavu inaanguka.

*Uhakika.* Unategemea mchoro. Kama mchoro ni kamili na umechorwa vizuri, jibu ni sahihi. Lakini rula haijui kilichoko nje ya ukurasa, wala haioni kilicho chembamba kuliko risasi ya penseli yako.

*Inapopotosha.* Hapa pana mengi.

Kosa la kwanza ni kuilaza rula mlalo. Mstari mlalo unauliza swali lingine, kama kila y imetoka kwa x moja tu. Hilo linahitajika unapotaka kujua kama fanksheni inaweza kugeuzwa kinyume. y = x² inaanguka kwa rula mlalo, na haijali.

La pili ni mkunjo mkali. Chora y = kipeuo cha tatu cha x. Pale kwenye 0 mkunjo unasimama wima kabisa kwa kitambo kidogo, na mwanafunzi akiuona tu anaandika "si fanksheni". Ila ukiweka rula kwenye x = 0, inakutana na mkunjo kwenye nukta moja tu, (0, 0). Kuelekea wima si sawa na kuwa na kipande cha wima. Penseli nene inaficha tofauti hiyo.

La tatu ni nukta zilizojazwa na zilizo wazi. Chukua ada za M-Pesa za kumtumia mtu pesa. Hadi shilingi 100 hutozwi chochote. Kuanzia 101 hadi 500 kuna ada moja. Mwalimu akikuchorea mhimili wa x kama kiasi unachotuma na mhimili wa y kama ada, utaona ngazi: mstari mlalo, kisha mwingine juu yake kidogo. Ngazi ya namna hii huchorwa kwa mazoea kana kwamba kiasi kinaweza kuwa chochote, hata senti, kwa hiyo vipande viwili vinakaribiana pale 100. Ukipitisha rula hapo utadhani imegusa vyote viwili. Ndipo alama ndogo inapofanya kazi yake: kipande cha chini kinaishia kwa nukta iliyojazwa, cha juu kinaanza kwa kiduara kitupu. Kiduara kitupu hakihesabiwi. Shilingi 100 ina ada moja, sifuri, na grafu ni ya fanksheni. Mchoro ukiwa na nukta mbili zilizojazwa juu ya x moja, hapo jibu linageuka.

La nne, nalo ndilo linalonifurahisha kuliko yote, ni mihimili iliyobadilishwa. Fikiria matatu imetoka Githurai kuelekea mjini kwa Thika Road. Imepita Roysambu, imepita Allsops, ikafika Pangani na kusimama kwenye foleni. Tuseme imekwama kilomita 10 kutoka ilikoanzia, tangu dakika ya 20 hadi ya 35. Ukiweka muda kwenye mhimili wa x na umbali kwenye y, foleni inaonekana kama mstari mlalo: dakika zinapita, umbali haubadiliki. Rula wima inapita bila shida, kwa sababu kila dakika gari liko mahali pamoja tu. Hata dereva akirudi nyuma kumfuata abiria, mkunjo utashuka kidogo kisha upande tena, na bado ni fanksheni.

Sasa geuza. Weka umbali kwenye x na muda kwenye y. Foleni ile ile inakuwa mstari wima juu ya x = 10, ukianzia 20 na kuishia 35. Rula inakutana na nukta nyingi zisizohesabika. Si fanksheni! Safari haijabadilika, matatu ni ile ile na abiria ni wale wale, swali ndilo limebadilika, kutoka "saa hii gari liko wapi?" hadi "gari lilikuwa hapa saa ngapi?". La kwanza lina jibu moja. La pili, kwa Pangani, lina dakika kumi na tano nzima za majibu. Kwa hiyo kabla ya kushika rula, soma kilichoandikwa kwenye mihimili. Mwanafunzi anayekwambia "grafu hii ni fanksheni" bila kutaja fanksheni ya nini hajamaliza sentensi.

*Inamfaa nani.* Aliyepewa mchoro na dakika moja ya kujibu. Pia anayeanza somo, kwa sababu jicho linaelewa upesi kuliko alama.

2. Jedwali na mishale

*Unaanza na nini.* Jozi za nambari, au grafu ya nukta chache unazoweza kuzisoma moja moja.

*Muda.* Mfupi kama jozi ni chache. Zipange kwa mpangilio wa x kutoka ndogo hadi kubwa, kisha tafuta x iliyojirudia. Jozi (2, 5) na (2, 7) zinamaliza kesi. (2, 5) ikiandikwa mara mbili haina neno, hiyo ni nukta moja iliyonakiliwa tena. (2, 5) na (4, 5) haina neno pia.

Ukipenda mishale, chora seti mbili, kushoto x na kulia y, na kila jozi iwe mshale. Kitu cha kushoto kikitoa mishale miwili kwenda sehemu tofauti, si fanksheni. Mishale kadhaa kukutana kwenye kitu kimoja cha kulia inaruhusiwa. Na tahadhari hapa: swali likisema "kutoka seti A hadi seti B", basi A yote imetangazwa kuwa inaingia, na kitu cha A kikibaki bila mshale, hiyo si fanksheni kutoka A. Kwenye grafu tulisema x isiyo na y haidhuru kwa sababu hakuna aliyeitaja kuwa imo. Kwenye mishale, imetajwa.

*Uhakika.* Kamili, *kama jozi ulizopewa ndizo zote*. Kama jozi ni sampuli tu ya kitu kirefu zaidi, uhakika wako ni wa upande mmoja: unaweza kukana, huwezi kuthibitisha.

*Inapopotosha.* Jedwali la mtihani wa shule, lile unalopewa x kuanzia −4 hadi 4 ujaze y kwa fomula, haliwezi kukupa kitu kisicho fanksheni, maana kila x umeiweka kwenye fomula mara moja ukatoa jibu moja. Wanafunzi hulijaza, wakaona hakuna x iliyojirudia, wakadhani wamethibitisha kitu. Hawajathibitisha lolote, jedwali lilijengwa hivyo tangu mwanzo.

Vipimo vya kweli ni kinyume chake. Pima urefu na uzito wa darasa zima na yaelekea utapata wanafunzi wawili wenye sentimita 160 kila mmoja na kilo tofauti. Nukta hizo si fanksheni. Kisha mwalimu anachora mstari mnyoofu unaopita katikati ya nukta kadiri inavyowezekana, na mstari huo *ni* fanksheni. Vitu viwili kwenye karatasi moja, jibu mbalimbali. Ukiulizwa, uliza kwanza unaulizwa kuhusu kipi.

*Inamfaa nani.* Mzazi anayesaidia bila kukumbuka aljebra, mwanafunzi wa masomo ya takwimu, na yeyote mwenye data isiyo na fomula nyuma yake.

3. Aljebra

*Unaanza na nini.* Mlinganyo. Mchoro si lazima.

*Muda.* Dakika moja hadi robo saa, kutegemea mlinganyo na mkono wako. Kazi ni kuiacha y peke yake upande mmoja na kuona kama njiani umelazimika kuandika "jumlisha au toa". x² + y² = 25 inakupa y = ±√(25 − x²). Ile ± ndiyo ushahidi: weka x = 3 upate 4 na −4. Nusu ya juu ya duara hilo, y = √(25 − x²), ni fanksheni, kwa sababu alama √ peke yake huchukua kipeuo kisicho hasi. x²y + y = 1 inaonekana ya kutisha lakini y inatoka nje vizuri: y = 1/(x² + 1), jibu moja kwa kila x.

*Uhakika.* Wa juu kuliko njia zote nne, kwa kukana na kwa kuthibitisha. Ni njia pekee hapa inayoweza kuzisemea x zote kwa mkupuo.

*Inapopotosha.* Wanafunzi hupenda mkato huu: "y ikiwa na kipeo shufwa, si fanksheni, ikiwa na kipeo witiri, ni fanksheni." Unafanya kazi mara nyingi kiasi cha kuaminika, na hapo ndipo hatari ilipo. Angalia y² − 2xy + x² = 0. Kuna y², kwa hiyo mkato unasema hapana. Lakini upande wa kushoto ni (y − x)², na hiyo ikiwa sifuri basi y = x, mstari mnyoofu, fanksheni nyepesi kuliko zote. Upande wa pili, x = y³ − y ina vipeo witiri tu, na si fanksheni; tutairudia hivi punde. Ukipenda mkato, utumie kubashiri, kisha uthibitishe.

Tatizo lingine ni kwamba y mara nyingine haitoki. Chukua x = y⁵ + y. Niels Henrik Abel, mwanahisabati wa Norwe, alithibitisha mwaka 1824 kwamba hakuna fomula ya jumla ya vipeuo itakayotatua milinganyo ya kipeo cha tano, kwa hiyo usijilaumu ukikwama. Huhitaji kuitoa y. Jiulize: naweza kupata y mbili tofauti zenye x moja? Ukiichukua y kubwa zaidi, y⁵ yake ni kubwa zaidi, na jumla y⁵ + y ni kubwa zaidi. x zao haziwezi kulingana kamwe. Basi kila x ina y moja, fanksheni, na fomula hatujaiandika. Hoja ya mistari mitatu kama hiyo ndiyo mhadhiri anayoitafuta, na inashangaza ni wachache kiasi gani wanaoiandika; wengi hujaza ukurasa wakihangaika kuitoa y isiyotoka.

*Inamfaa nani.* Wa chuo kikuu, wa shule ya upili anayetaka alama za "onyesha kwamba", na anayepewa mlinganyo usiochoreka kwa urahisi.

4. Simu

*Unaanza na nini.* Mlinganyo, simu au kompyuta, na programu kama GeoGebra au Desmos. GeoGebra ilianzishwa na Markus Hohenwarter alipokuwa Chuo Kikuu cha Salzburg, Austria, na ukishaipakua kwenye simu inafanya kazi bila bando. Zote mbili ni za bure kwa mwanafunzi.

*Muda.* Kuandika mlinganyo tu. Halafu mstari wa pili andika x = a, ukubali kitelezi cha a utakachoonyeshwa, na ukisogeze kwa kidole: una rula wima inayotembea. Ni raha kuitazama, hasa ukiwa na mtoto kando.

*Uhakika.* Sawa na wa rula, hakuna zaidi, hata kama picha ni safi. Programu inapiga hesabu kwenye nukta nyingi kisha inazichora kwenye skrini yenye vidoa vyenye kikomo. Inakuonyesha, haikuthibitishii.

*Inapopotosha.* Dirisha. Ukiwa umekuza au umepunguza vibaya, unaona sehemu ya habari. Programu fulani huunganisha nukta bila kuuliza, na y = tan x ikatokea na mistari wima pale penye digrii 90 na 270, mistari isiyokuwamo kwenye grafu. Anayeiamini skrini anaandika kwamba tan si fanksheni.

Tena zipo fanksheni ambazo hakuna skrini itakayozichora. Mwaka 1829 Dirichlet, mwanahisabati wa Ujerumani, alitoa mfano huu: nambari inayoandikika kama sehemu, kama 1/2 au 7, ipewe thamani moja, na isiyoandikika hivyo, kama kipeuo cha pili cha 2, ipewe nyingine. Tuseme 1 na 0. Ukijaribu kuichora utapata kama mistari miwili mlalo, mmoja juu ya mwingine, na rula wima itaonekana kugusa yote miwili kila mahali. Lakini kila nambari iko upande mmoja tu, kwa hiyo ina thamani moja tu. Fanksheni halali, na jicho limeshindwa.

Na tusisahau jambo la kawaida kabisa: kwenye chumba cha mtihani wa KCSE, ule wa mwisho wa shule ya upili nchini Kenya, simu haiingii. Kikokotoo kinachoruhusiwa ni kile kisichoweza kuprogramiwa. Mwanafunzi aliyezoea kitelezi peke yake anafika Novemba akiwa hana cha kutelezesha.

*Inamfaa nani.* Anayejifunza mwenyewe nyumbani, mwalimu mwenye projekta, na yeyote anayetaka kubahatisha jibu kabla ya kulithibitisha kwa kalamu.

Mlinganyo mmoja mikononi mwa wote wanne

Turudi kwa x = y³ − y, maana hapa njia zote nne zinaonyesha tabia zake halisi.

Mwenye jedwali anachagua y kuwa −3, −2, 2 na 3. Anapata jozi (−24, −3), (−6, −2), (6, 2) na (24, 3). Hakuna x iliyojirudia. Anaandika "ni fanksheni" na amekosea. Jirani yake anachagua −1, 0 na 1, anapata x = 0 mara zote tatu, na kesi imeisha. Mlinganyo mmoja, bidii sawa, bahati tofauti.

Mwenye rula anachora kwenye karatasi ya grafu ya kawaida, yenye miraba midogo ya milimita 2. Kwa kuwa x zinafika 24, anachukua kipimo cha sentimita 1 kwa uniti 5. Mkunjo unaojirudi nyuma, ule unaoivunja fanksheni, uko kati ya x = −0.385 na x = 0.385 hivi. Kwa kipimo hicho, upana wake wote ni kama milimita moja na nusu. Haujazi hata mraba mdogo mmoja! Atachora mkunjo laini unaopita katikati, rula itapita, na hatajua alichokiruka. Akibadilisha kipimo kiwe sentimita 5 kwa uniti 1 karibu na 0, umbo la herufi S linajitokeza wazi.

Mwenye simu yuko katika hali ile ile, ila kukuza ni kwa vidole viwili. Kama mazoea yake ni kusogeza karibu na mbali kabla ya kuamua, ataiona. Kama anatazama picha ya kwanza tu, hataiona.

Mwenye aljebra anaweka x = 0, anaandika y(y² − 1) = 0, anapata y = 0, 1 na −1. Mistari miwili. Lakini ni lazima awe na wazo la kujaribu x = 0, na wazo hilo mara nyingi hutoka kwa mchoro.

Badilisha alama moja, x = y³ + y, na kila kitu kinageuka. Jedwali halitapata x inayojirudia hata ukichagua vipi, S inatoweka, na hoja ya "y ikiongezeka, x inaongezeka" inathibitisha kwamba ni fanksheni. Kwenye karatasi yenye kipimo kidogo, mikunjo hiyo miwili utapata taabu kuitofautisha.

Kwa hali yako

Uko kwenye mtihani na umepewa michoro ya kuchagua: rula wima, lakini kwanza soma mihimili, kisha kagua viduara vitupu na vilivyojazwa. Mchoro ukiwa na mkunjo unaosimama wima mahali, hesabu nukta, usihukumu mwelekeo.

Umepewa jozi au mishale: zipange kwa x, tafuta iliyojirudia. Kama swali linataja seti A, hakikisha hakuna aliyebaki bila mshale.

Umepewa mlinganyo na neno "onyesha" au "thibitisha": aljebra, na hakuna ya kuibadili. Ukiona ±, tafuta x moja mahususi na uandike y zake mbili. Mtahini anataka nambari, si ishara tu. Ukiona y haitoki, jaribu hoja ya kuongezeka.

Unajifunza nyumbani na una simu: anza na kitelezi upate wazo, kisha weka simu kando uthibitishe kwa kalamu. Kabla ya kuweka kando, kuza karibu na 0 na karibu na kila mahali mkunjo unapogeuka.

Una data uliyoikusanya mwenyewe, ya mradi wa shule au ya biashara: jedwali. Na amua mapema kama unazungumzia nukta zenyewe au mstari uliouchora kupitia katikati yake.

Kama wewe ndiye mzazi wa saa tatu usiku, achana na fomula. Mwambie mtoto aweke kidole kwenye x yoyote, apandishe na kushusha wima, akwambie amegusa mkunjo mara ngapi. Arudie kwenye x nyingine tatu nne, hasa pale mchoro unapopinda. Akigusa mara mbili popote, mwambie aandike nukta hizo mbili kwenye daftari kama sababu, maana jibu la "hapana" bila nukta mbili mwalimu atalikata alama.

Na kama unafundisha, wape wanafunzi grafu ya matatu kwa mihimili yote miwili kabla ya kuwapa duara. Duara huwafundisha umbo la kukariri. Foleni ya Pangani huwalazimisha kuuliza fanksheni ya nini.